Kapteni aliyekiri kuwa hajui: uchambuzi wa kisa cha ndege ya United 232

Alasiri ya tarehe 19 Julai 1989, saa tisa na dakika 16, ndege ya shirika la United iliyokuwa ikitoka Denver kwenda Chicago ilitikiswa na mlipuko mkubwa kutoka mkiani. Ilikuwa DC-10, ndege ya injini tatu: moja chini ya kila bawa, ya tatu imekaa juu kwenye mkia. Ilikuwa futi 37,000 juu ya jimbo la Iowa, na ndani yake mlikuwa na watu 296.

Rubani msaidizi, William Records, ndiye aliyekuwa akiirusha. Kapteni Al Haynes alikuwa akishughulika kuizima injini ya mkiani kwa kufuata orodha aliyokuwa akisomewa na mhandisi wa ndege, Dudley Dvorak. Records akamwambia kapteni kwamba ndege haimtii. Haynes alipogeuka aliona jambo ambalo hajawahi kuliona tangu aanze kazi: usukani umezungushwa kushoto hadi mwisho na kuvutwa nyuma hadi mwisho, na bado ndege inalalia kulia na kuteremka. Akaushika, akasema anayo yeye. Miaka mingi baadaye, kila alipohadithia, alisema hilo ndilo neno la kipuuzi kuliko yote aliyowahi kutamka, maana hicho alichodai kukishika hakikuwamo mkononi mwake.

Lakini mara hiyohiyo akafanya jambo lililowaokoa. Alipunguza nguvu za injini ya bawa la kushoto na kuongeza za ile ya kulia. Taratibu, bawa lililolala likainuka. Hakumwuliza mtu, wala hapakuwa na nafasi ya kuuliza, kwa sababu sekunde chache zaidi na ndege ingepinduka.

Nalianza na tendo hilo kwa makusudi. Kisa hiki hutumika sana kwenye mafunzo ya uongozi kama ushahidi kwamba timu siku zote huamua vizuri kuliko mtu mmoja. Nimekisoma mara nyingi, na sioni kwamba kinasema hivyo. Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mtu mmoja, na ulikuwa sahihi. Baadaye pia, kama tutakavyoona, kulikuwa na kundi kubwa la wataalamu lililoshindwa kutoa hata wazo moja la kusaidia. Kinachonivutia ni jinsi mamlaka ya kuamua yalivyohama ndani ya dakika 44, kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa wanne, kisha mkononi mwa mtu ambaye hata hakuwa kwenye zamu.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Diski ya titani ya feni ya injini ya mkiani ilipasuka ikiwa kwenye mzunguko mkali, na vipande vyake vikaukata mkia kama mapanga. DC-10 ilikuwa na mifumo mitatu ya haidroliki, yaani mafuta yenye shinikizo yanayosukuma vipande vya mabawa na mkia pale rubani anapouzungusha usukani. Iliwekwa mitatu ili mmoja ukifa miwili ibaki, na miwili ikifa mmoja utoshe. Ila mabomba ya yote mitatu yalipita karibu karibu kule mkiani. Dvorak alipotazama saa za shinikizo, zote zilisoma sifuri. Wasanifu waliliona jambo hilo kuwa halitatokea kamwe, na kwa hiyo kitabu cha dharura hakikuwa na ukurasa wake.

Hapo pana somo la kwanza kwa anayechambua maamuzi kazini. Matatizo mengi ya kazi yana jibu mahali fulani, ama kwenye kitabu, ama kichwani mwa mkongwe. Tatizo la namna hiyo halihitaji kikao, linahitaji mtu anayejua na aachwe afanye. Hili la Haynes halikuwa na jibu popote. Alikuwa na umri wa miaka 57 na karibu saa 30,000 za urukaji. Yeye mwenyewe alipiga hesabu baadaye kwamba chumba kile kilikuwa na uzoefu wa miaka 103, na kwamba katika miaka yote hiyo hawakuwahi kufanya mazoezi ya hali ile hata dakika moja. Cheo chake kilikuwa kikubwa kuliko cha wenzake, lakini kuhusu ndege isiyo na usukani alijua kile walichojua wao.

Kulijua hilo, na kulisema, si jambo dogo kwa kapteni. Kwa miongo mingi utamaduni wa marubani ulikuwa kwamba kapteni akisema, imekwisha. Haynes hakuficha kwamba yeye alikulia humo, na kwamba ndege kadhaa zilipotea kwa sababu ya utamaduni huo. Mfano ulio karibu zaidi ulitoka ndani ya United yenyewe. Tarehe 28 Desemba 1978, ndege yao nyingine, DC-8 yenye watu 189, ilizunguka karibu na Portland, Oregon, kwa takriban saa nzima huku kapteni akishughulikia magurudumu aliyoyatilia shaka. Wenzake wawili waliona mafuta yanakwisha. Walitaja, wakadokeza, wakataja tena kwa adabu. Kapteni hakuwasikia kwa uzito uliostahili, nao hawakupaza sauti. Injini zikazimika moja baada ya nyingine na watu 10 wakafa, mhandisi wa ndege akiwa mmoja wao.

Baada ya ajali ile, na baada ya wataalamu kukutana chini ya NASA mwaka 1979, United ikaanza mafunzo mapya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Makapteni walifundishwa kuomba mawazo, na wadogo wao wakafundishwa kusema waziwazi, siyo kudokeza. Wapo waliokejeli. Haynes alipitia mafunzo hayo, na hadi mwisho wa maisha yake alishikilia kwamba bila hayo wasingefika popote.

Nilipokuwa kijana niliwahi kufanya kazi chini ya mkuu mmoja aliyekuwa akifungua kila kikao kwa kueleza anachokitaka, kisha anauliza, “Kuna mwenye wazo lingine?” Tulikuwa tisa mezani. Kwa miaka miwili sikumbuki wazo lingine hata moja. Lakini tukitoka, kwa mama ntilie, mawazo yalikuwa tele, na baadhi yalikuwa mazuri sana. Yule mzee aliamini kwa moyo wote kwamba anashirikisha watu. Nikisoma habari za Portland namkumbuka, na nawakumbuka wenzangu wanane, nami nikiwemo, tuliodokeza kwa adabu.

Turudi angani. Kule nyuma, daraja la kwanza, alikaa Dennis Fitch, mkufunzi wa marubani wa DC-10 wa shirika hilohilo, aliyekuwa akisafiri kama abiria. Alimtuma mhudumu akamwambie kapteni kwamba yumo na yuko tayari kusaidia. Haynes akasema aje mara moja. Hakuuliza anataka nini wala ana cheo gani.

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda. Mkuu mwingine angesema, “Mwambie asante, tuna kazi nyingi.” Mtu wa nne katika chumba kidogo, wakati watatu wamelowa jasho, anaweza kuwa mzigo. Na kweli, kama Fitch angeingia na kuanza kutoa ushauri wa jumla, angekuwa mzigo. Haynes alimpa kazi ya kwanza iliyo ndogo na mahususi: rudi kule nyuma, chungulia dirishani, uone kama kuna chochote kwenye mabawa kinachosogea tunapouzungusha usukani. Akaenda, akarudi, akasema hakuna kinachosogea. Hapo wote wanne wakawa na picha moja ya tatizo, bila mmoja kuamini kwamba labda usukani bado unafanya kazi kidogo.

Kazi ya pili ndiyo iliyobadilisha mambo. Haynes na Records walikuwa wameng'ang'ania usukani kwa mikono yote, wakiogopa kuuachia, huku wakijaribu pia kusogeza vishikio vya nguvu za injini. Kapteni akamkabidhi Fitch vishikio hivyo. Fitch akakaa kati ya viti vyao, kishikio cha injini ya kushoto mkono mmoja na cha kulia mkono wa pili, akawa anaiongoza ndege ya abiria karibu mia tatu kwa kuongeza nguvu huku na kupunguza kule. Ndege ilikuwa inapanda na kushuka kama jahazi kwenye mawimbi, na kila mara ilitaka kugeukia kulia. Katika safari yote ile waliweza kugeuka kushoto mara moja tu. Fitch alijifunza tabia zake kwa kuhisi: kwamba ukitaka kuizuia isishuke inabidi uanze kabla haijashuka. Alikuwa pia na jambo ambalo wengine hawakuwa nalo. Baada ya ndege ya Japan Airlines kuanguka Agosti 1985 na kuua watu 520, nayo ikiwa imepoteza haidroliki yote, Fitch alikuwa amejaribu kwenye simuleta, yaani mashine ya mazoezi inayoiga ndege, kuona kama ndege inaweza kuongozwa kwa injini peke yake.

Haynes hakulijua hilo alipomkaribisha. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha hoja ya kuwaza kwa pamoja: huwezi kujua mapema ni nani kati ya waliopo ana kipande unachokihitaji, kwa hiyo mlango inabidi uwe wazi kabla hujajua utakuletea nini.

Baadaye Dvorak alimpa Fitch kiti chake, kwa sababu aliona anajua anachokifanya. Mtu aliachia kiti chake cha kazi bila kuombwa na kapteni, na kapteni hakuona amevuliwa madaraka.

Sasa tazama kundi lile lingine. Dvorak alikuwa kwenye redio na kituo cha matengenezo cha shirika kule San Francisco, ambako wahandisi waliikusanya elimu yote ya DC-10 iliyokuwapo. Aliwaambia haidroliki yote imekwisha. Wakauliza kama ni mfumo mmoja. Akasema yote mitatu. Wakauliza tena. Dakika zikapita wakipekua vitabu na kumtaka athibitishe kile alichokwishathibitisha. Mwishowe Haynes aliona wazi kwamba hakuna msaada utakaotoka kule. Siwalaumu watu wale, na nadhani ningefanya vilevile. Lakini walikuwa wengi, walikuwa wametulia chini, walikuwa na vitabu vyote, na hawakuzalisha kitu. Walikuwa wakitafuta ukurasa ambao haukuandikwa, na kila mmoja wao alikuwa na ukurasa uleule. Wingi wa watu wenye ujuzi mmoja ni kama mtu mmoja mwenye sauti nyingi.

Wahenga wetu wametuachia methali mbili zinazogombana. Penye wengi hapaharibiki neno. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwenye mijadala ya kazini kila mtu huchagua ile inayomfaa siku hiyo. Ndani ya chumba kile cha marubani zote mbili zilitimia pamoja, kwa sababu wengi walikuwapo na nahodha alikuwa mmoja.

Mwaka 1973 Victor Vroom na Philip Yetton walitoa kielelezo cha kumsaidia kiongozi aamue ni lini aamue peke yake na ni lini aliachie kundi. Hawakusema njia moja ni bora. Walimtaka ajiulize maswali: Je, ninazo habari za kutosha? Je, tatizo lina umbo linalojulikana? Je, wenzangu wanalitaka lengo ninalolitaka? Je, uamuzi utatekelezeka wasipoukubali? Ukimpima Haynes kwa maswali hayo, majibu yanaelekea upande mmoja: habari hana, umbo la tatizo halijulikani, lengo ni moja kabisa (hakuna aliyetaka kufa), na bila mikono ya wenzake hakuna kinachotekelezeka. Kwa hiyo shauriana. Ila sekunde zile za mwanzo, ndege ilipokuwa inapinduka, muda ulifuta maswali yote.

Ninachoongeza mimi ni kwamba kielelezo humwonyesha kiongozi akichagua njia moja kwa tatizo moja. Haynes alikuwa akibadilisha njia kila dakika. Kuhusu kushusha magurudumu bila haidroliki, waliulizana wote wanne. Kumhusu mhudumu mkuu, Jan Brown, alimwita, akamweleza hali kwa sauti ya chini, na maandalizi ya abiria akamwachia yeye kabisa, hakumfuatilia. Kwa mwongoza ndege wa Sioux City, mji wa Iowa walikokuwa wakielekea kutua, Kevin Bachman, alisikiliza na kuuliza, lakini hakumwachia amwamulie. Bachman alipomwambia anaruhusiwa kutua kwenye njia yoyote, Haynes alimtania akimuuliza kama kweli anasisitiza iwe njia ya ndege. Wakacheka. Ninaamini kicheko kile kilikuwa sehemu ya kazi, maana watu waliobanwa na hofu hawatoi mawazo.

Kisha dakika ya mwisho. Walikuwa wamekusudia njia namba 31, iliyo ndefu, lakini ndege ikajikuta imeelekea namba 22, fupi na iliyofungwa, magari ya zimamoto yamepangwa juu yake. Haynes akaamua watue hapohapo na magari yakaondolewa haraka. Huo ulikuwa uamuzi wake, hakuna aliyepiga kura. Walikuwa wakienda karibu kilomita 400 kwa saa, wakishuka zaidi ya futi 1,600 kwa dakika, mara kadhaa ya kutua kwa kawaida. Kapteni akataka nguvu za injini zikatwe, kama afanyavyo rubani yeyote anapotua. Kinasa sauti kinaonyesha Fitch akikataa: alijibu kwamba akizitoa wataipoteza ndege, kwa kuwa hizo ndizo zinazoigeuza. Na Haynes hakubishana.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi kuliko jingine lolote. Mtu ambaye hakuwa kwenye orodha ya zamu alikataa agizo la kapteni, sekunde chache kabla ya kugusa ardhi, na kapteni akakubali kwa sababu vishikio vilikuwa mikononi mwa Fitch na hisia za ndege zilikuwa kwake. Linganisha na mhandisi wa Portland, aliyeona sahihi na kusema kwa upole. Tofauti ya wawili hawa haikuwa ujasiri wa kuzaliwa nao. Fitch alikuwa amekaa nusu saa katika chumba ambamo kila neno lake lilichukuliwa kwa uzito.

Saa kumi kamili bawa la kulia liligonga ardhi kwanza. Ndege ikavunjika, ikawaka moto, na sehemu yake kubwa ikapinduka hadi kwenye shamba la mahindi. Waliokufa ni 112. Waliopona ni 184, wakiwemo wote wanne wa chumba cha marubani, ambacho kilibondeka kiasi kwamba waokoaji hawakutambua kuwa kina watu hadi dakika 35 zilipopita. Sioni haki ya kuiita siku ile ushindi mbele ya familia 112. Haynes mwenyewe hakupenda kuitwa shujaa, na hadi alipofariki Agosti 2019 alizunguka akizungumza kuhusu waliofanya kazi pamoja naye, angani na chini. Baada ya ajali, hali ileile ilijaribiwa kwenye simuleta, na wachunguzi wakafikia uamuzi kwamba kutua salama ni jambo lisilotarajiwa, na kwamba wafanyakazi wale walivuka mno kile ambacho mtu angeweza kuwadai.

Sehemu moja ya ripoti ya Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, iliyotoka Novemba 1990, haitajwi sana kwenye mafunzo ya uongozi. Diski iliyopasuka ilikuwa na kasoro tangu ilipotengenezwa, na kutoka kwenye kasoro hiyo ufa ulikua kidogo kidogo kwa miaka. Mwaka 1988, kwenye karakana ya San Francisco, diski ilipakwa dawa ya kung'aa inayoonyesha nyufa, ikaangaliwa, ikapita. Wachunguzi walihitimisha kwamba wakati huo ufa ulikwishakuwa mkubwa wa kutosha kuonekana. Chanzo cha ajali walichokitaja ni shirika kutozingatia ipasavyo mipaka ya binadamu katika kazi ya ukaguzi.

Hiyo ni kazi ya jicho la mtu mmoja, sehemu mamia zinazofanana zikipita mbele yake, karibu zote zikiwa nzima. Hakuna dharura, hakuna king'ora, na hakuna mwenzake anayeuliza, “Hebu tuangalie tena pale karibu na tundu la katikati.” Shirika lilikuwa limetumia miaka kuwafundisha marubani wake kuwaza pamoja, kwa sababu ajali za marubani huonekana na watu wote. Kwenye meza ya ukaguzi, ambako kosa lilikaa kimya zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuua, mafunzo hayo hayakuwa yamefika.